Ishirini Gawanya kwa Nne

Ishirini gawanya kwa nne ni ngapi? Msinijibu. Najua mnajua, na ndiyo maana nawaomba mnyamaze kidogo. Mimi nilijua kuliko ninyi nyote. Nilijua kwa miaka thelathini na kitu, chaki mkononi na kalamu nyekundu mfukoni, na kwa sababu ya kujua kwangu huko nusura nimtoe shule mtoto ambaye alikuwa akigawanya vizuri kila siku ya Mungu, mbele ya watu wazima, bila kumpunja hata mmoja.

Watoto wa Ujiji waliniita Mwalimu Tebo. Asubuhi ukipita kando ya shule yetu, ile ya karibu na ufukwe, ungesikia darasa langu likiimba tebo ya kuzidisha mpaka mabati yanatetemeka. Wanawake waliokuwa wakienda kuanika dagaa waliitikia huko huko barabarani. Mmoja aliniambia amejifunza tebo ya saba kwa kupita tu, hajawahi kukaa kwenye dawati. Nikavimba kichwa kwa mwezi mzima. Sasa nimestaafu, huu mwaka wa tatu, nakaa Rusimbi na kuku wangu wanane, na ninyi walimu wapya mkija kunisalimia mnataka niwape mbinu. Nawaona mnavyofungua madaftari. Mnadhani nitawapa wimbo. Basi nianze na jinsi wimbo ulivyonitia aibu.

Alikuja mkaguzi. Zamani hiyo, nilikuwa bado kijana, nimevaa viatu vipya vilivyokuwa vikinibana. Nikawasimamisha watoto wangu wa darasa la tatu. Saba mara nane? Hamsini na sita! Nane mara saba? Hamsini na sita! Sauti moja, kama kwaya. Mkaguzi, mtu mpole wa miwani, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akainuka aende zake. Alipofika mlangoni akageuka, nadhani kwa wema tu, akauliza, "Na hamsini na sita gawanya kwa nane?"

  Nikawakodolea macho watoto, nao wakanikodolea mimi. Mwisho mtoto mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akasema kwa heshima zote, "Samahani, hiyo hatujaimba."

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Nilirudi ofisini viatu vikinibana mara mbili, nikaketi karibu na Mwalimu Nestori, mzee wa Kasulu aliyenipokea siku yangu ya kwanza kazini na ambaye tangu siku hiyo hakuwahi kuniita kwa jina ila "wewe binti". Nikamweleza. Hakunipa pole.

"Wewe binti," akasema, "umewapeleka watoto Mwandiga, hukuwaonyesha njia ya kurudi. Sasa wamekaa Mwandiga wanakulilia."

Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa mise, zile kokwa ngumu za chikichi, nyeusi, zisizobingirika ovyo mezani. Akamwaga ishirini na nne, akazipanga mistari minne, kila mstari kokwa sita. Akaniuliza ni nini. Nikasema nne mara sita. Akazunguka meza, akasimama upande wa pili. "Na huku niliko mimi?" Sita mara nne, nikasema. Akatoa leso yake, na haikuwa safi sana, akazifunika zote. "Chini ya leso kuna ishirini na nne. Mistari minne. Kila mstari una ngapi?"

"Sita."

"Umezidisha au umegawanya?"

 Nilijua jibu ni sita kwa sababu nne mara sita ni ishirini na nne, lakini swali lilikuwa la kugawanya.

"Hata mimi sijui," mzee akasema. "Ni kitu kimoja hicho. Tofauti ni kipi kimefunikwa. Ukifunika jumla, unazidisha. Ukifunika mstari, au ukifunika idadi ya mistari, unagawanya. Kokwa hazijui hata kama tumezigeuzia somo."

Chukueni hilo la kwanza, hamtalipia. Mimi nilikuwa nafundisha kuzidisha mwanzoni mwa mwaka na kugawanya baada ya likizo ya Juni, kama masomo mawili yasiyojuana. Kuanzia siku ile sikuandika tena "nne mara sita" ubaoni ikiwa peke yake. Niliandika zote nne kwa pamoja: nne mara sita, sita mara nne, ishirini na nne gawanya kwa nne, ishirini na nne gawanya kwa sita. Watoto waliziita familia. Hata sifuri, inayowatesa ninyi hadi mnairuka, ilikaa sawa. Mtoto akikuuliza kwa nini kumi haigawanyiki kwa sifuri, mwambie arudi: sifuri mara ngapi ni kumi? Atatafuta mpaka achoke. Nilimwuliza hivyo mtoto mmoja mcheshi nikiwa na kokwa kumi mkononi, "Nikiwagawia watu sifuri, kila mtu atapata ngapi?" akasema, "Basi, Mwalimu, sema tu hutaki kugawa." Darasa zima likaanguka kwa kicheko.

Ila Mwalimu Nestori aliniambia jambo lingine, na hilo nililiacha mezani pamoja na leso yake. Alisema, "Mtoto akikupa jibu la kugawanya, usimwambie vema wala kosa. Mwambie azidishe arudi alikotoka. Njiani atakuonyesha mwenyewe alikopita." Nikaitikia ndiyo mzee. Moyoni nikasema huyu ana darasa la watoto arobaini, mimi nina themanini na wawili na kalamu moja nyekundu, nitamsindikiza nani njiani? Nikaendelea kusahihisha haraka kama mtu anayechambua mchele. Vema, kosa, kosa, vema, daftari linalofuata.

Mzee akastaafu, akarudi kwao, akaniachia lile kopo. Miaka ikapita mingi. Ndipo akaja Furaha.

Furaha alikuwa darasa la nne kwa mara ya pili. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka mtihani wa darasa la nne, akarudia, na sasa zilibaki wiki tatu afanye tena. Watu wao asili yao ni ng'ambo, Kongo, lakini wamezaliwa Ujiji na wamekulia Ujiji. Baba yake mvuvi. Mtoto mwembamba, mtulivu, kusoma anasoma, kuandika anaandika, tebo anaimba bila kukosea mpaka ya kumi na mbili. Ukimgusa kwenye kugawanya tu, amekwisha. Sifuri juu ya kumi, kila mara, sifuri. Na kwenye mtihani ule wa mwaka uliotangulia ni hesabu ndiyo iliyomwangusha.

Siku moja mama yake akaja shuleni. Hakukaa kwenye kiti, alisimama mlangoni pa ofisi na kanga yake mabegani.

"Mwalimu, shikamoo. Nimekuja kukuambia tu usije ukashangaa. Baba yake amesema, safari hii akianguka tena, basi. Atakwenda kwenye chanja na dada yake, kuanika dagaa. Dada yake naye alikwamia hapa hapa."

"Hataanguka," nikasema.

"Sawa, Mwalimu. Ila miye nakuambia baba yake alivyosema."

Nilimjibu mama yule kwa kujiamini nisikokuwa nako. Alipoondoka nililiona jambo lenyewe lilivyo: mtoto wa miaka kumi na mmoja, wiki tatu, halafu asomeshwe na moshi na jua maisha yake yote. Nikasema, si huyu. Nina ubishi, hilo hata marehemu mume wangu angewaambia. Nikamzuia Furaha baada ya masomo kila siku. Na nikafanya nini? Nikafanya ujinga. Nikampa hesabu zilezile kumi kila siku, nikazitia kalamu nyekundu kumi kila siku, nikapandisha sauti. Siku nne. Mkuu wa shule akapita dirishani akasema, "Mwalimu Tebo, mwache arudie tena, hatakuwa wa kwanza." Nikamwambia, "Harudii," kwa sauti ambayo si ya kumjibu mkuu wa shule.

Hebu tazameni daftari lake lilivyokuwa, maana hapa ndipo nataka mnicheke. Ishirini gawanya kwa nne, ameandika nne. Thelathini gawanya kwa tano, tano. Arobaini na mbili gawanya kwa sita, sita. Hamsini na sita gawanya kwa saba, saba. Nikasema mtoto huyu ni mzembe, anainakili namba anayogawanyia, basi. Nilijiona mjanja kwa kuligundua hilo. Lakini chini yake kulikuwa na ishirini na nne gawanya kwa tatu, naye ameandika sita, si tatu. Na kumi na nane gawanya kwa tatu, ameandika nne, zinabaki mbili. Hizo hazikuingia kwenye maelezo yangu, kwa hiyo sikuzitazama. Nilizipiga kosa nikafunga daftari.

Siku ya tano nilikuwa nimechoka. Koo linauma. Nikakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamenifika kidevuni, Furaha kando yangu, na nikamkumbuka Mwalimu Nestori na leso yake chafu. Nikaiweka kalamu nyekundu chini.

"Furaha, mwanangu, hapa umeandika ishirini gawanya kwa nne ni nne."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya, turudi. Watu wangapi?"

"Wanne."

"Kila mmoja amepata ngapi?"

"Nne."

"Nne mara nne?"

"Kumi na sita." Hakufikiri hata kidogo. Si nilimwimbisha mwenyewe?

"Na zilikuwa ngapi?"

"Ishirini."

"Sasa zile nne ziko wapi?"

Alinitazama kwa mshangao, kama nimemwuliza jua liko wapi.

"Za mtumbwi, Mwalimu."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kwa huruma, jinsi ninyi mnavyowaeleza bibi zenu mambo ya simu. Wavuvi wakiwa wanne, mafungu ni matano. Manne ni ya watu na moja ni la mtumbwi, maana mtumbwi una mwenyewe, na nyavu zina mwenyewe, na asiyetoa fungu la mtumbwi kesho hapewi mtumbwi. Wakiwa watano, mafungu sita. Wakiwa watatu, mafungu manne. Nikalivuta daftari. Thelathini kwa mafungu sita, tano. Ishirini na nne kwa mafungu manne, sita. Kumi na nane kwa mafungu manne, nne, zinabaki mbili.

"Na hizi mbili zilizobaki?"

"Mboga," akasema. "Hizo hupikwa."

Daftari zima, ukurasa kwa ukurasa, halikuwa na kosa hata moja la kuhesabu. Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia habari za mtumbwi.

"Hukuuliza, Mwalimu."

Jumamosi asubuhi nikateremka ufukweni kuona kwa macho yangu. Mtumbwi anaovulia baba yake ulikuwa umeshavutwa mchangani, wanaume wanne wamechuchumaa, na migebuka imelazwa kwenye turubai, inang'aa. Katikati yao ameinama nani? Furaha. Anachukua samaki mmoja mmoja, anaweka fungu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano, anazunguka tena. Walikuwa samaki ishirini na watatu. Mafungu matano ya samaki wanne wanne, watatu wakatupwa kwenye sufuria ya mboga. Hakuna aliyebishana. Kila mmoja akachukua lake.

Baba yake akanawa mikono akaja kunisalimia.

"Tunamwachia mtoto agawe kwa sababu yeye hana upande," akasema. "Tangu ana miaka saba anatugawia, hajaleta ugomvi hata siku moja. Sasa ninyi shuleni mnasema hajui kugawanya. Niambie, Mwalimu, nikuamini wewe au niwaamini samaki?"

Nikamwambia aniamini mimi kwa wiki mbili zilizobaki, halafu awaamini samaki anavyotaka. Akacheka, lakini akarudia neno lake: akianguka, basi. Hakuwa mtu mbaya. Hakuona faida ya kumlipia kiatu mtoto anayeambiwa kila mwaka kwamba jambo analoliweza haliwezi.

Pale kwenye chanja palikuwa na msichana wa miaka kama kumi na minane, anageuza dagaa kwa mikono miwili, haraka, bila kuangalia. Akanyanyua kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye dada yake Furaha?"

"Mimi Mapendo. Ulinifundisha. Nilikaa dawati la dirishani."

Nilimtazama usoni, nikatafuta kichwani, sikumkuta. Watoto themanini na kitu kila mwaka. Akaona kwamba sikumkumbuka, akanisaidia.

"Nilikuwa nagawa mimi hapa kabla ya Furaha. Mimi ndiye niliyemfundisha." Akageuza mstari mwingine wa dagaa. "Na mimi nilipata sifuri, Mwalimu. Zilezile zake."

Niliona haya. Sisemi haya ya kusitasita mdomoni, nasema haya iliyonifanya nishindwe kujua mikono yangu niiweke wapi. Nilimwomba radhi palepale, akasema, "Si neno, Mwalimu," kama tunavyosema wote tunapoumia, akaendelea na kazi yake. Nikapanda zangu kwenda nyumbani, na njia nzima nilikuwa nasema peke yangu kwa sauti, mpaka mama mmoja wa mawese akanipisha. Nilikuwa nasema mmoja amekwenda, wa pili haendi.

Jumatatu nikaanza vibaya tena. Nikamwambia Furaha, "Usahau mtumbwi." Akakunja uso. Mtoto ambaye hajawahi kunibishia akanibishia.

"Mtumbwi si wetu, Mwalimu. Tukisahau fungu lake, baba ataitwa mwizi."

Hapo nikajua kwamba nisipoangalia nitamfundisha hesabu kwa kumfundisha kwamba baba yake amekosea. Hesabu ya hivyo haikai kichwani, na ikikaa inauma. Nikaenda kuchukua lile kopo la Mwalimu Nestori, nikamwaga kokwa ishirini kwenye dawati.

"Hatusahau mtumbwi," nikasema. "Tunamsikiliza anayeuliza. Akisema watu wanne na mtumbwi, fanya mafungu matano. Akisema watu wanne tu, mtumbwi haukuja siku hiyo, hawa wamekaa nchi kavu wanagawana maembe. Sasa utajuaje kama umemsikiliza vizuri?"

Akawaza. "Nitarudi."

"Utarudi vipi?"

"Nitazidisha wale watu aliowataja na nilichowapa. Nisipofika alikoanzia, basi nimempa mtu ambaye hakutajwa."

Sijawahi kuiweka vizuri hivyo kwa maneno yangu mwenyewe, na mimi nina cheti. Ikawa ndiyo kazi yetu wiki mbili. Kugawanya bila kurudi kulikuwa marufuku. Ishirini gawanya kwa nne, tano. Rudi, nne mara tano, ishirini, umefika. Thelathini gawanya kwa tano, tano. Rudi, tano mara tano, ishirini na tano, hujafika, nani amechukua hizo tano? "Mtumbwi," anasema, anafuta huku anatabasamu. Siku za kwanza mtumbwi ulijipenyeza kila hesabu ya tatu. Baadaye kila ya kumi. Penye mabaki nikamfundisha azidishe kisha aongeze mboga: tatu mara saba ishirini na moja, na mboga mbili, ishirini na tatu. Alilipenda hilo. Alikuwa anakuja kabla ya kengele, mikono inanuka samaki, anapanga kokwa zake mwenyewe bila kuambiwa, na mimi nilikuwa nafika nikimkuta. Nilikuwa na homa wiki ya pili, nikaenda hivyo hivyo nimejifunga kitambaa kichwani. Mkuu wa shule akaniambia nipumzike. Nikamwambia nitapumzika nikistaafu, na kama mnavyoona sijapumzika.

Siku ya mtihani nilisimama nje ya uzio kama mzazi. Alipotoka nilimwona mdomo ameubana.

"Vipi?"

"Kulikuwa na swali la wavuvi, Mwalimu."

Nikafumba macho. Katika maswali yote ya nchi hii, la wavuvi!

"Lilisemaje?"

"Wavuvi watano waligawana sawasawa samaki thelathini. Kila mvuvi alipata samaki wangapi."

"Ukaandika?"

"Niliandika tano." Akaona uso wangu, akaendelea haraka. "Halafu nikarudi. Tano mara tano ishirini na tano. Sijafika. Nikalisoma tena, mtumbwi haumo. Nikafuta, nikaandika sita. Tano mara sita thelathini, nimefika." Akavuta pumzi. "Lakini Mwalimu, mimi najua hao wavuvi kesho hawapewi mtumbwi."

Nilimkumbatia mbele ya watu, sare yake na harufu yake ya migebuka, nikalia kidogo. Sina sababu ya kuwaficha.

Akafaulu. Hakuwa wa kwanza wala wa kumi, alifaulu kawaida, akaingia darasa la tano na kiatu kipya. Baba yake alinitumia migebuka minne, na ujumbe kwamba mtumbwi umeshapewa fungu lake.

Ninyi sasa mna simu zinazogawanya namba ndefu kama barabara kabla mtu hajapiga chafya. Sizichukii, ninayo moja. Ila simu haikuambii mtoto alipita wapi, na kalamu nyekundu haikuambii pia. Anayejua ni mtoto, na ni lazima umwulize. Mtaniambia darasa lina watoto mia, Bibi, tutamwuliza nani? Nami nawaambia, mimi nilisema hivyohivyo wakiwa themanini na wawili. Waambieni wote wazidishe warudi, ndani ya daftari, chini ya kila jibu. Wengi watajisahihisha wenyewe kabla hamjafika. Wachache watakaokwama njiani, hao ndio wa kukaa nao kwenye dawati, magoti kidevuni.

Ilikuwa imepita kama wiki moja tangu matokeo ya Furaha, jioni, bado jua lipo, nikasikia hodi. Alikuwa Mapendo. Amenawa, amevaa gauni safi, mkononi amefunga kitu ndani ya mfuko wa plastiki. Nikamkaribisha, akakaa barazani kwenye kigoda, akafungua mfuko akatoa daftari la zamani la hesabu. Kona zimeliwa na panya. Akalifungua ukurasa alioukunja, akaliweka kwenye mapaja yangu.

Ishirini gawanya kwa nne, nne. Thelathini gawanya kwa tano, tano. Hesabu kumi ukurasa mzima, na kumi zote nimezipiga kosa, nyekundu, kwa mkono wangu, mkono ambao ningeutambua popote. Na chini kabisa nimeandika neno moja: Mzembe.

Nililisoma mara mbili. Yeye hakuwa na haraka.

"Mwalimu," akasema, "niulize kama ulivyomwuliza Furaha."

Nikaweka kidole kwenye hesabu ya kwanza. 

"Nne mara nne?"

"Kumi na sita."

"Na zilikuwa ngapi?"

"Ishirini."

"Zile nne ziko wapi, Mapendo?"

"Za mtumbwi, Mwalimu."

Nikaingia ndani, nikaitafuta kalamu nyekundu, nikaikuta nyuma ya redio. Nikalikata lile neno la chini, mstari mmoja, nikaukaza mpaka karatasi ikataka kutoboka, kisha kando ya hesabu ya kwanza nikaandika swali nililopaswa kuliandika miaka ile yote iliyopita. Nikafunga daftari nimrudishie.

Mapendo hakulipokea. Alilifungua tena pale pale, akavuta kigoda karibu.

"Bado tisa," akasema.